MLIOMWAMBIA "HARAMU", MLIMUULIZA ANAISHI NA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naandika kirefu na wapo watakaokasirika. Mwenye haraka apite tu, kesho inshaallah nitaweka darsa fupi la udhu. Tangu wiki iliyopita inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp sauti ya ustadhi mmoja. Simtaji jina, kwa sababu si yeye peke yake. Anamjibu kijana aliyeko Ulaya. Kijana anauliza: nimealikwa kwenye klabu ya watu wanaokimbia pamoja mara mbili kwa wiki, je, inajuzu? Ustadhi hakuvuta hata pumzi. Kasema ni haramu, ni kujifananisha na makafiri, ni mchanganyiko wa wanaume na wanawake, ni mapaja wazi, ni mlango wa pombe, na Muislamu akitaka mazoezi anazo swala tano. Dakika moja na nusu, kamaliza. Na chini yake watu wameandika "Allah akulipe sheikh, umetufumbua macho". Wengine wamemtukana yule kijana wa watu.

Mimi nasema lile ni jibu baya. Yamo ndani yake maneno ya kweli, na nitayafikia. Lakini ni baya kwa sababu mjibu hakuuliza swali hata moja kabla ya kujibu. Na nasema haya nikiwa na deni shingoni, maana jibu hilohilo mimi nilikwishalitoa kabla yake.

Ilikuwa hivi. Kuna kijana wa mtaani kwetu, nilimsomesha juzuu amma kwa fimbo (Allah anisamehe zile fimbo), akakua, akasoma, akapata kazi ya kulea wazee huko Uingereza. Mtaa mzima tulimsindikiza stendi. Mama yake aliuza magunia ya alizeti na kuku wote wa bandani kukamilisha nauli. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi hivi, akanitumia sauti: "Asalaam alaykum Sheikh, shikamoo. Kuna watu hapa mtaani wanakimbia pamoja Jumamosi asubuhi, wamenialika. Hakuna pombe wala muziki. Nimeona nikuulize kwanza."

Nimeona nikuulize kwanza. Maneno haya hayanitoki kichwani. Nilikuwa kijiweni nasubiri bodaboda, jua kali, nina haraka ya kuwahi maziko Kititimo. Nikabonyeza simu nikamwambia: "Marahaba mwanangu. Achana na mambo hayo ya Wazungu. Shika msikiti." Sekunde kumi na mbili. Nikapanda bodaboda nikaenda zangu, tena nikiwa na furaha kwamba vijana wetu bado wanauliza.

Akanitii. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mkaidi angenikatalia, akaenda, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Mwaka uliofuata mama yake alinijia baada ya Alasiri. Akasema, Sheikh, mwanangu hela anatuma lakini sauti yake siisikii. Nikimpigia anasema yuko kazini. Mara hela nazo zikawa zinachelewa, zikapungua, zikakatika. Watu wakaanza kusema kaoa Mzungu. Nikampigia mimi, hakupokea. Nikampigia tena na tena, siku ya nne akapokea, tukazungumza karibu saa nzima, na nusu ya saa hiyo alikuwa analia.

Anafanya kazi usiku. Saa moja jioni anaingia, saa moja asubuhi anatoka. Analala mchana. Anaishi chumba kimoja, jirani zake hawajui majina. Msikiti upo, mwendo wa basi mbili, na watu wake ni wema lakini hotuba na mazungumzo ni kwa Kiurdu, wakishatoa salamu kila mtu anawahi gari lake. Akaniambia, Sheikh, kuanzia Ijumaa nikitoka msikitini mpaka Jumatatu nikirudi kazini hakuna mtu anayetamka jina langu. Na kazini mzee anayemlea ana maradhi ya kusahau, kila siku anamwita jina jingine.

Basi katika chumba kile, peke yake, na simu mkononi, akaanza kubeti. Kwanza mkeka wa shilingi mbili tatu za kule, kisha mshahara. Akaacha Alfajiri, kwa sababu usiku wa mapumziko alikuwa anakesha anaangalia mechi za nchi asizozijua. Hela ya mama yake ilikwenda huko. Sasa niambieni masheikh zangu: nilimkataza kukimbia kwenye bustani mchana kweupe mbele ya watu, nikamwachia chumba na simu. Lango lipi kati ya haya mawili ndilo la shetani?

Abu Dardaa, Allah amridhie, amepokea kutoka kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, maana yake kwamba mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga na kundi. Ipo kwa Abu Daud. Sisi wa Singida hatuhitaji kufafanuliwa hilo, kila mtoto aliyechunga mifugo Ikungi au Mkalama anajua fisi huvizia yupi. Mtaniambia hadithi ile inahusu jamaa ya swala, si jamaa ya kukimbia. Ni kweli, na mimi simwambii mtu aache jamaa ya swala akakimbie. Lakini nimeiona kwa macho yangu, mtu akizoea kuishi bila watu huanza kuiacha jamaa ya mbio, ya chakula, ya salamu za mtaani, na mwisho anaiacha jamaa ya swala. Hakuanza na swala, aliishia kwenye swala.

Sasa nije kwenye hoja za ustadhi, maana sitaki mtu aseme sheikh kaleta machozi badala ya dalili.

La kwanza, kujifananisha na makafiri. Hili wallahi linanichekesha kidogo. Kukimbia kumekuwa lini mali ya Wazungu? Mtume wetu alishindana mbio na mama yetu Aisha katika safari, mara ya kwanza mama akashinda, miaka ikapita, mwili wa mama ukaongezeka, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Ipo kwa Abu Daud na kwa wengine. Na katika Sahihi Muslim kuna kisa kirefu cha Salama bin Akwa'. Huyu sahaba aliwafukuza kwa miguu wavamizi waliopora ngamia wa Mtume, akawapokonya. Wakati wa kurudi Madina, kijana mmoja wa Kiansari ambaye alikuwa hashindwi kwa mbio akatangaza: nani atashindana nami mpaka Madina? Salama akamwomba Mtume ruhusa, akaruhusiwa. Na anasimulia mwenyewe alivyokimbia: alimwachia mwenzake atangulie, akaibana pumzi yake kilima kimoja au viwili, kisha akaongeza mwendo mpaka akamfikia, akampiga begani kumjulisha kuwa amepitwa. Waulizeni vijana wa riadha watawaambia hiyo ndiyo mbinu ya mbio ndefu hadi leo.

Na mwaka jana tu, tarehe 15 Septemba 2025, hatukukaa sote mbele ya luninga? Alphonce Simbu, mtoto wa Ikungi, askari wa JWTZ, anaingia uwanjani Tokyo katika marathoni ya dunia akiwa nyuma ya wenzake wawili, na kwenye utepe anampita Mjerumani kwa sekunde tatu za mia. Saa iliandika muda uleule kwa wote wawili, 2:09:48, ikabidi watazame picha. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu si Muislamu, lakini ni mtoto wetu, na niliwaona masheikh wenzangu wakipiga makofi. Hakuna aliyesema siku ile kwamba mbio ni za makafiri. Mbona kijana wetu akikimbia kule bila medali inakuwa ukafiri?

Kisha mtazameni yule wa pili, Amanal Petros, ambaye tulimshangilia kwa kushindwa. Ni mzaliwa wa Eritrea. Aliingia Ujerumani mwaka 2012 akiwa kijana mdogo, mkimbizi, peke yake, na akapokewa na klabu ya riadha ya mji wa Bielefeld. Kijana wa Kiafrika asiye na ndugu, klabu ya mbio ikawa ndiyo nyumba yake ya kwanza ugenini. Nilipolisoma hilo nilifunga simu. Nilimkumbuka kijana wangu.

Na kama mnataka Muislamu, yupo Mo Farah. Sote tulimuona akisujudu London mwaka 2012 baada ya dhahabu. Mwaka 2022 akaeleza yaliyokuwa nyuma ya jina lile: kwamba aliingizwa Uingereza akiwa mtoto mdogo kwa jina la mtoto mwingine, akatumikishwa kazi za ndani katika nyumba ya watu. Aliyemfungulia siri yake alikuwa mwalimu wake wa michezo shuleni. Hakuwa imamu wa msikiti wa jirani, wala jumuiya yetu yoyote. Alikuwa mwalimu wa mbio, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimtazama mtoto yule kila siku na kuona. Hilo masheikh tulipokee kama lilivyo, bila kujitetea.

La pili, mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Hapa sina mzaha, ikhtilati ina hukumu zake na mimi siilegezi. Lakini nauliza kwa haki. Kijana wetu anafanya kazi saa kumi na mbili usiku katika nyumba ya wazee, wenzake wa zamu ni wanawake, anawalisha na kuwaosha watu wazima, anatayarisha vyakula ambavyo pengine vina nguruwe ndani. Nani kati yetu alimtumia fatwa kuhusu kazi hiyo? Hakuna. Tulimsindikiza stendi na dua. Tukapokea hela ya bati la madrasa, tukasema Allah ambariki. Nami nilipokea, bati lile lipo hadi leo juu ya vichwa vya watoto. Inapoingia hela hatuulizi, kijana akitaka saa moja ya kupumua na watu ndipo tunakumbuka ikhtilati. Kama si unafiki basi ni usahaulifu wa ajabu sana.

Hukumu yake ni hii kwa ninavyoijua: njia ni ya wote, bustani ni ya wote. Kinachokatazwa ni faragha, kutazama kusikoruhusiwa, kugusana na mzaha wa kupotosha. Mwanamume akimbie na wanaume wenzake, azuie macho yake kama anavyoyazuia ndani ya basi. Akihofia nafsi yake katika kundi lile, ajue nafsi yake kuliko mimi, na aondoke. Kwa dada zetu jambo ni zito zaidi. Yapo makundi ya wanawake watupu katika miji mingi ya kule, watafute hayo, na stara ibaki palepale. Sifan Hassan alishinda marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na akapanda kupokea medali akiwa na hijabu. Sitolei hoja mavazi yake ya kukimbilia. Nasema tu kwamba anayemwambia binti yetu kuwa hijabu na miguu yenye nguvu haviwezi kukaa kwa mtu mmoja, amedanganya. Na wale dada zetu walioko majumbani Uarabuni, wengi wao mtawachekesha mkiwauliza habari ya klabu. Wao bado wanatafuta siku moja ya mapumziko na ruhusa ya kufungua mlango. Hilo nalo lina makala yake.

Mapaja, nitapita haraka. Sisi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na goti. Wapo wanazuoni waliolegeza katika paja, mimi siwafuati. Suruali pana ndefu inauzwa kila duka, na baridi ile yenyewe itakulazimisha.

Tuje kwenye pombe, maana hapa ustadhi ana haki yake na mimi nataka kumpa yote.

Zipo klabu za mbio ambazo pombe ndiyo swala yao. Wapo wanaojiita Hash House Harriers, walianza Kuala Lumpur mwaka 1938, Waingereza wa enzi za ukoloni. Wao wenyewe wanajitania kwamba ni klabu ya walevi yenye tatizo la kukimbia. Wameenea dunia nzima, na Dar es Salaam na Nairobi wapo. Mbio zao zinaishia kwenye duara la bia na nyimbo chafu. Kwa hao nasema wazi: kijana wangu, usiende, hata ukisema wewe unakunywa soda. Mtume ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na kule kila kitu kimejengwa juu ya meza hiyo.

Klabu nyingine hukimbia Jumanne jioni vizuri tu, kisha baadhi yao huenda baa. Hapo mbio ni tendo moja na baa ni tendo jingine. Kimbia, wape mkono wanaume wenzako, waage, nenda nyumbani. Useme mapema kwamba wewe hunywi na hukai. Wazungu, kwa nilivyoelezwa, ukiwaambia jambo lako waziwazi wanaliheshimu kuliko ukijificha na visingizio vya tumbo. Ukiona baada ya mwezi miguu yako imeanza kuwafuata mpaka mlangoni, acha klabu hiyo siku hiyohiyo.

Na zipo ambazo hazina hilo kabisa. Ile aliyoniuliza kijana wangu, nimekuja kujua baadaye, inaitwa parkrun. Ilianza kwenye bustani moja ya London iitwayo Bushy Park mwaka 2004, siku ya kwanza walikimbia watu 13. Sasa iko nchi nyingi. Ni kilomita 5, kila Jumamosi, kule kwao saa tatu asubuhi, bure, unajiandikisha mara moja tu. Hakuna zawadi ya pesa, kwa hiyo hata lile suala la kushindania mali, ambalo wanazuoni wamelijadili sana na nitaliandikia siku yake, halipo. Wakimaliza wanaotaka wanakunywa chai. Kijana aliniambia "hakuna pombe wala muziki" na alikuwa anasema kweli. Mimi ndiye sikusikiliza.

Halafu tuwe wakweli kuhusu nyumbani. Mbio kubwa za Moshi kwa miaka mingi zimebeba jina la bia, na vijana wetu wamekwenda, wamerudi na fulana kifuani, wameswali nazo Ijumaa safu ya pili nyuma yangu. Nani alisimama kwenye mimbari? Na Jumamosi alfajiri hapa Singida makundi ya jogingi yanapita barabara kuu wakiimba chenja, wavulana na wasichana pamoja, baadhi ni wanafunzi wangu. Tunawapungia mkono. Yule wa Ulaya ndiye tunamtolea sauti ya dakika moja na nusu, kwa sababu yuko mbali na hatatujibu.

Kuhusu swala, hoja kwamba mbio zitampotezea nyakati, aliyeisema hajawahi kuangalia ratiba ya kule. Sisi hapa Magharibi inacheza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, tunadhani dunia yote iko hivyo. Kule mwezi Disemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinabanana kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni, na Isha huingia kabla ya saa kumi na mbili. Klabu inayokutana saa moja usiku inakukuta umeshamaliza zote. Mwezi Juni Magharibi inapita saa tatu na nusu usiku, basi saa moja jioni umeshaswali Alasiri na una muda tele. Jumamosi saa tatu asubuhi ndiyo kabisa, ni wakati wa Dhuha. Ramadhani apumzike, au akimbie kidogo baada ya futari kwa kadiri ya afya yake. Anayelala kwa uchovu akakosa Alfajiri, huyo mbio zimemdhuru, apunguze. Lakini msiseme haiwezekani.

Na ile kauli kwamba Muislamu anatosheka na swala kama mazoezi, tafadhali tuiache. Swala ni ibada. Hatukuamrishwa kurukuu ili tupunguze kitambi, na ushahidi ni mimi mwenyewe: naswalisha mara tano kwa siku na tumbo langu linanitangulia kuingia msikitini. Mwaka juzi nilipimwa sukari, daktari akanitazama kanzu yangu akasema, Sheikh, tembea. Sasa kila baada ya Alfajiri natembea kuelekea Ziwa Singidani, polepole, na mzee mwenzangu mmoja, tunahesabu heroe wakiwepo, tunalalamikia bei ya mafuta ya kula. Sikujua kwamba naweza kumsubiri mtu kwa hamu namna ile. Siku asipotokea nampigia simu. Akikohoa najua. Nami nilikuwa nimemnyima kijana kitu hichohicho.

Nimalizie habari yake. Baada ya yale mazungumzo ya saa nzima nilimwomba msamaha. Ndiyo, sheikh alimwomba msamaha mwanafunzi. Nikamwambia nilikujibu bila kujua, nenda kakimbie. Akacheka kwa mara ya kwanza. Alichukua wiki tano kabla hajathubutu kwenda.

Siku ya kwanza alikuwa wa mwisho. Kazi ya usiku, vyakula vya mikrowevu, miguu imekufa ganzi, akatembea zaidi ya kukimbia. Anasema alitaka kukatiza pembeni ya bustani atoroke. Lakini nyuma yake alikuwepo mzee wa Kizungu aliyevaa kizibao, kazi yake ni kuwa nyuma ya wote, ili asiwepo mtu anayemaliza wa mwisho. Ni utaratibu wao kila Jumamosi, wanapeana zamu. Mzee yule alitembea naye kilomita zote zile akimuuliza Singida iko wapi, wanalima nini, jina lake linatamkwaje. Akalitamka vibaya, akarudia, mpaka likakaa.

Aliponisimulia nilinyamaza. Jabir bin Abdillah amesimulia, na ipo kwa Abu Daud, kwamba Mtume katika safari alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasukuma wanyonge, akiwapakia nyuma yake, akiwaombea dua. Nimeisomesha hadithi hii zaidi ya miaka ishirini. Mzee yule hajaisikia, na anaitenda kila zamu yake ikifika. Mimi niliyeisomesha nilikuwa juu ya bodaboda.

Kijana hajawa malaika. Mkeka aliurudia mara mbili, aliniambia mwenyewe. Lakini Ijumaa usiku hakeshi tena akiangalia mechi, kwa sababu Jumamosi asubuhi kuna watu watakaouliza yuko wapi asipofika. Na akishaamka kwa ajili yao, Alfajiri anaikuta. Nia itanyooka inshaallah, wangapi tulianza msikiti kwa kufuata tende za futari? Mama yake anapigiwa kila Jumapili. Hela bado ni ndogo, ana madeni. Na mwezi uliopita kwenye mbio zake kapatikana Msomali dereva wa basi, wakajuana kwa salamu, sasa Ijumaa wanakwenda msikitini kwa gari moja.

Kwa hiyo fatwa yangu ya sekunde kumi na mbili nimeifuta, na nimeifuta hadharani hapa ili anayeibeba aitue. Klabu ya mbio kwa asili yake ni mubaha. Ikiwa na pombe ndani yake, faragha au uchi, itahukumiwa kwa hayo. Ikiwa safi na kijana yuko mpweke, mimi sioni uzito hata wa kusema inapendeza aende. Ambaye ana dalili ya kunipinga ailete, nitaisoma kwa adabu, lakini asinitumie sauti ya mtu mwingine.

Na nyinyi wazazi mnaosoma hapa, msidhani ninawapiga masheikh peke yao. Fungueni simu zenu muangalie ujumbe wenu kumi wa mwisho kwa mtoto aliyeko nje. Hesabuni ni mingapi inayosema "tuma".

Ustadhi, namba yangu unayo. Nipigie baada ya Isha tuzungumze kindugu, sina ugomvi na wewe. Ila kabla hujanipigia, mtafute kwanza yule kijana aliyekuuliza. Muulize yuko mji gani, anafanya kazi zamu ipi, msikiti uko mbali kiasi gani, na Jumamosi hii anashinda na nani. Kisha mjibu upya.

Wabillahi tawfiq.